Homa ya Alhamisi

Mume wangu alikuwa anaugua kwa ajili yangu, na mimi nilikuwa naringa. Nisijifanye. Wanawake wengine wanaringia nguo, wengine watoto waliofaulu shule. Mimi nilikuwa naringia homa. Mwanamume mzima, fundi bomba mwenye mikono kama mbao, anakaa mbali na mkewe wiki mbili tatu, mwili unakataa, anatetemeka, anarudishwa nyumbani. Akilala nyumbani usiku mmoja, anaamka anaulizia chai. Niambie wewe, homa hiyo ungeiitaje? Mimi niliiita kwa jina lake, na majirani wote walinisikia.

Kazi yake ilikuwa kambini, mwendo wa siku nzima kwa lori kutoka mjini, kulikokuwa kunajengwa kiwanda. Walikuwa wanafunga mabomba ya mvuke na ya maji, maelfu ya vipande, na kila kiungo lazima kikazwe kisivuje hata tone. Likizo ilikuwa siku nne kila baada ya miezi mitatu, na kampuni yetu kwenye likizo haina mchezo. Njia nyingine ya kutoka kule ilikuwa moja tu, nayo ni kuugua. Kila Ijumaa alfajiri lori linaondoka kambini kuja mjini kuchukua vifaa. Mgonjwa aliyeandikiwa cheti na muuguzi wa kambi anapanda humo, anakuja kumwona daktari, na Jumatatu anarudi nalo.

Na lori lenyewe linakuja wapi? Linakuja kwangu. Mimi ni mtunza stoo wa kampuni hiyo hiyo, pale yadi ya mjini, huu mwaka wa sita. Mabomba, viungo, koki, misumeno, tepe, glovu, vyote vinapita mkononi mwangu, na hakuna boliti inayotoka bila saini. Mafundi wananiita Mama Stoo ingawa sijazaa, na wakinichokoza wanapata majibu yao papo hapo. Mume wangu wanamwita Spana, kwa sababu akikaza kitu hakilegei. Tulijuana humo humo stoo. Alikuja kuomba tepe mara nne kwa siku moja, na mara ya nne nikamuuliza, "Kaka, wewe unafunga bomba au umefunga safari ya kuja kunitazama?" Akajibu bila aibu kwamba bomba lilikwisha tangu asubuhi.

Kati ya vitu ninavyotunza kuna dawa. Sisi tunaiita dawa tu. Ni kitu cheupe, kizito kama dawa ya meno, kiko kwenye kopo lenye brashi kwenye kifuniko. Fundi anaipaka kwenye nyuzi za bomba kabla ya kukaza, inajaza nafasi zote, mvuke haupiti. Inanuka spiriti. Mikono ya mume wangu ilinuka hivyo tangu siku niliyomjua, na kwenye mistari ya viganja vyake na pembeni mwa kucha kulikuwa na weupe usiotoka hata kwa sabuni ya unga. Akiwa kambini nilikuwa nafungua kopo moja, nainama, navuta pumzi ndefu, nafunga. Bosi alinikuta siku moja akaniuliza kama mzigo umeharibika. Nikamwambia nakagua ubora.

Mke anayelala peke yake ana ujinga wake. Mimi nilikuwa nautandika upande wa mume wangu kitandani kila asubuhi, na haujavurugwa na mtu. Nilikuwa napika kwa kipimo cha watu watatu, wakati nyumbani tupo wawili, mimi na mama mkwe, halafu tunakula kiporo siku mbili. Jioni nikisikia lori lolote likipunguza mwendo barabarani, moyo unaruka, hata kama ni Jumanne na ninajua vizuri kwamba ni lori la mchanga. Nilimtamani mume wangu mpaka nikawa nawakasirikia watu wasio na hatia, wakiwemo wauza nyanya.

Mama mkwe wangu ni mtu wa maneno machache, na yote yanachoma. Siku moja alinisikia nikimweleza jirani habari za homa, akasubiri jirani aondoke. "Mimi niliolewa miaka thelathini na moja," akasema, "na baba yake hakuwahi kuugua kwa ajili yangu hata mafua."

"Mama, labda ulikuwa unamlisha vizuri mno."

Alicheka mpaka akashika ubavu. Tulikuwa tunaelewana hivyo, mimi na yeye.

Mwanzoni homa ilikuwa inakuja ovyo, wiki yoyote, siku yoyote. Halafu ikapotea karibu mwezi mzima, na mwezi huo nilikuwa sisemezeki. Kisha ikarudi, na tangu irudi ikawa na adabu: inampata Alhamisi jioni, Ijumaa yuko kwenye lori. Katika miezi mitano ilimpata mara saba. Nilipaswa kujiuliza ni homa gani hiyo inayojua kalenda. Lakini mtu mwenye njaa haulizi maswali mbele ya sahani iliyojaa, na mimi nilikuwa na njaa. Daktari wa mjini alimpima damu mara tatu, malaria hakuna, kitu chochote hakuna, akamwandikia vidonge vya maumivu na kupumzika. Nikasema moyoni, mwache daktari ahangaike, tiba ninayo mimi.

Basi akaja mkaguzi wa usalama kazini. Ilikuwa Jumanne asubuhi, mwanamke mfupi aliyevaa viatu vizito kuliko yeye mwenyewe. Alikagua waya za umeme, akakagua ndoo za mchanga wa kuzimia moto, akafika kwenye rafu ya dawa akachukua kopo akaligeuza.

"Karatasi za maelekezo ya hii ziko wapi?"

"Zipo."

"Ziko wapi, dada?"

Nikainua makopo mawili nikamwonyesha. Zilikuwa chini yake. Kila sanduku lilikuja na karatasi yake, kurasa nne, kwa lugha ya huko lilikotoka, na mimi miaka yote hiyo nilikuwa nazitandika kwenye rafu. Zilikuwa karatasi nzuri, nene, zinazuia makopo yasigande kwenye mbao. Mkaguzi hakunifokea. Aliandika kwa muda mrefu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akampa bosi siku kumi na nne: maelekezo yaandikwe kwa lugha ambayo mafundi wanaisoma, yabandikwe stoo, yabandikwe kambini, na nakala iingie ndani ya kila sanduku.

Bosi alisubiri viatu vile vitoke nje ya geti, akanigeukia. "Wewe ndiye uliyesoma humu ndani. Na wewe ndiye uliyezitandika."

Niliazima kamusi kwa mwalimu jirani yetu, nikabandua karatasi iliyokuwa na madoa machache, nikakaa nayo kwenye meza ya stoo. Nilianza Jumatano. Neno moja linanipotezea nusu saa. Mvuke wa dawa unashika moto, usilifungue kopo karibu na anayechomelea. Fungua madirisha, usivute harufu yake kwa muda mrefu; hapo nikakumbuka pua yangu ndani ya kopo, nikaangalia nyuma kama kuna mtu. Ikiingia machoni, osha kwa maji mengi dakika kumi na tano. Bomba la oksijeni usilipake kabisa. Ngozi inakauka na kupasuka, kwa hiyo vaa glovu. Kwenye glovu nilisimama kidogo. Ni mimi niliyekuwa nawapa mafundi jozi moja kwa mwezi, na anayeomba ya pili namwambia glovu hazioti mitini.

Alhamisi mchana nilifika ukurasa wa tatu. Ilisema usivute sigara ukiwa na dawa hii mikononi, wala usiweke sigara kwenye mifuko ya nguo za kazi. Chembe ndogo tu ikishika kwenye sigara na kuungua, moshi wake unaleta homa, kutetemeka, kifua kubana na kikohozi kikavu. Inaanza baada ya saa chache. Inafanana na mafua makali au malaria. Inaisha yenyewe kwa siku moja au mbili. Na anayerudia mara kwa mara anaweza kuumiza mapafu.

Nilisoma mara tano. Kamusi ilikuwa wazi pembeni lakini sikuihitaji tena. Mume wangu anavuta sigara za kusokota. Anachukua tumbaku kidogo, anaizungusha kwa vidole vile vile vyeupe, analamba ukingo wa karatasi, anawasha. Nimemtazama akifanya hivyo mara elfu, na nilikuwa napenda kumtazama.

Kwa hiyo si mimi. Lilikuwa kopo. Natamani niseme kwamba kitu cha kwanza kunishika kilikuwa hofu kwa ajili yake, lakini ningekuwa mwongo. Kilikuwa aibu, na baada ya aibu ikaja huzuni ya kitoto kabisa. Mwaka mzima nimewaambia majirani kwamba mwanamume anatetemeka kwa kunikumbuka, kumbe anatetemeka kwa sababu hakunawa mikono. Hofu ilikuja ya tatu, na ilipofika haikuondoka. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa kwenye rafu yangu, nimekitandikia na karatasi, na kila kopo lililoenda kule lilikuwa na saini yangu.

Halafu nikapiga hesabu ambayo mke yeyote angeipiga. Nikimwambia, atanawa mikono, homa itaisha, na Ijumaa lori litakuja bila yeye. Likizo yake ilikuwa bado wiki tisa. Nisipomwambia, atakuja.

Kesho yake jioni alikuja. Alishuka kwenye lori ameshika mlango, macho mekundu, shati limelowa, akanitafuta kwa macho kati ya watu mpaka akaniona, akatabasamu. Sasa mtu akikutabasamia hivyo, wewe utatoa karatasi? Nilimshika mkono tukaenda nyumbani. Ijumaa sikusema. Jumamosi alitengeneza bomba la jikoni lililokuwa linadondosha, akala, akamtania mama yake, jioni akakaa na mimi kwenye ngazi ya mlango, mkono wake umelala shingoni kwangu. Alinisimulia habari za kambi, nani amegombana na nani. Nilikuwa nasikia sauti tu, maneno yenyewe yananipita, kwa sababu nilikuwa najiambia nitasema kesho. Jumamosi nayo nikaimaliza bila kusema.

Siku zote kikohozi kinachokuja na homa kilikuwa kinakwisha Jumamosi asubuhi. Safari hii hakikuisha. Jumapili alichukua ndoo ya maji kuipandisha ngazi, ngazi zenyewe kumi na mbili, akafika katikati akaiweka chini. Akaegemea ukuta. Alikaa hapo akivuta pumzi, akiangalia ndoo kama ni ya mtu mwingine.

Mama mkwe alikuwa mlangoni mwa jikoni na kisu cha vitunguu mkononi. Alisubiri mwanawe aingie ndani.

"Huyo ndiye aliyekuwa anabeba mifuko miwili ya saruji," akaniambia. "Na hii nayo ni kwa ajili yako?"

Hakunitania. Aliuliza kabisa, na mimi niliona uso wangu unawaka.

Baada ya chakula cha mchana nikatoa karatasi kwenye mkoba. Ilikuwa rasimu yangu, mwandiko wangu, kurasa mbili na nusu. Nikaiweka mezani mbele yake nikamwambia asome yote. Alisoma polepole, kidole kikifuata mistari. Alisoma habari za moto, za macho, za glovu. Alipofika kwenye sigara kidole hakikusimama. Mtu anayeambiwa kwa mara ya kwanza kwamba amekuwa akijilisha sumu lazima asimame, arudi nyuma, asome tena. Yeye alipita pale kama anayepita nyumba anayoijua, akasoma mpaka mwisho, akaweka karatasi chini.

"Mwandiko wako mzuri," akasema.

"Ulikuwa unajua."

Akaikunja pembe ya karatasi.

"Nakuuliza wewe. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Tangu lini?"

"Miezi mitano. Sita." Alikuwa anaongea na meza. "Kuna mchomeleaji mmoja mzee kule kambini. Aliniona nasokota akaniambia, kijana, nawa mikono kwanza, nilikofanya kazi zamani watu waliumwa hivyo hivyo. Nikanawa. Homa ikakatika pale pale, kama umefunga koki."

"Halafu?"

"Halafu nikakaa wiki nne mzima wa afya." Akanitazama. "Wiki nne, mke wangu. Kila Ijumaa alfajiri nasaidia kufunga turubai la lori, najua jioni litakuwa mbele ya mlango wako, mimi nabaki. Alhamisi moja tumemaliza kazi, nimekaa na tumbaku yangu. Ndoo ya maji iko hapa, sabuni iko hapa. Sikunawa."

"Ulisahau."

"Sikusahau. Nilikuwa nataka kuja nyumbani. Ningekujaje?"

Hapa ndipo mnaweza kunicheka, na nawaruhusu. Nilifurahi. Nimeshika karatasi inayosema mapafu yanaumia, na nimefurahi kama msichana aliyeletewa barua ya kwanza. Mara saba mtu huyu amekaa chini na akili zake timamu, akachagua kutetemeka usiku kucha, akachagua kupanda lori siku nzima na kichwa kinapasuka, apate siku mbili na mimi. Hakuna mwanamke pale mtaani aliyepewa kitu kama hicho. Nilimpenda mpaka nikaona vibaya. Kisha akakohoa, kile kikohozi kikavu kisichotoa kitu, akaweka ngumi kifuani kukizuia nisikisikie, na furaha yangu yote ikageuka hasira.

Nilimpa maneno yake. Sitayasema yote hapa. Nilimwita mjinga, nikamwita mtoto, nikamuuliza ni nani aliyemwambia kwamba ninataka mume wa siku mbili mbili mpaka kifua kiishe, halafu nibaki na picha ukutani. Nilimwambia mimi ndiye ninayetuma hayo makopo, kwa hiyo amenifanya mimi nimtilie sumu kwa mkono wangu na saini yangu. Akaniacha nimalize. Ananijua, nikichemka lazima nifurike kwanza.

Hatukujua kwamba mama mkwe amesimama kwenye pazia. Sijui alisikia kuanzia wapi. Alimtazama mwanawe tu, mimi hakunitazama.

"Mimi nilizaa mtoto wa kunizika," akasema. "Wa kumzika sikuzaa."

Akarudi jikoni. Tukasikia anaosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Mume wangu akaivuta ile karatasi karibu yake. "Hii itabandikwa wapi?"

"Stoo kwangu. Na kambini, zahanati, mbele ya meza ya muuguzi."

"Basi hayo ya sigara yaache." Alisema taratibu, kama mtu anayeomba maji. "Andika mengine yote, ya moto, ya macho, ya glovu. Mkaguzi hatajua. Muuguzi akisoma hayo, ndio mwisho. Nikienda kwake Alhamisi natetemeka ataniuliza kama nilinawa mikono, na cheti sitapata tena. Nitapunguza. Itakuwa mara moja tu kwa mwezi. Mara moja kwa mwezi kifua kinaweza kustahimili."

"Nani amekwambia kinaweza?"

"Mwenyewe najua."

"Unajua ngazi ngapi kufika juu?"

Akatazama mlangoni, ngazi zilipo.

Na mimi nikafikiria, na hiyo ndiyo sehemu inayonitia aibu mpaka leo. Ilikuwa mistari minne tu. Ningeiruka, hakuna bosi wala mkaguzi ambaye angejua, kamusi ilikuwa mkononi mwangu peke yangu. Na Ijumaa fulani, si nyingi, moja kwa mwezi, angeshuka kwenye lori na kunitafuta kwa macho. Nilijiona nikisimama pale getini. Nilijiona vizuri sana, mpaka na nguo niliyovaa. Halafu nikawafikiria mafundi wengine wanaosokota, watatu au wanne, ambao nilijua wanameza dawa za malaria kila mwezi na malaria hawana, na wake zao ambao hawajui hata wamlaumu nani. Nikamtazama yeye. Alikuwa amekaa wima kupita kawaida, jinsi mtu anavyokaa akitafuta nafasi ya kuvutia pumzi.

Nikachukua karatasi safi, kalamu nene ya kuandikia masanduku, nikaanza upya hapo hapo mezani, jua bado lipo. Ya sigara niliyaweka juu kabisa, kabla ya moto, kabla ya kila kitu, kwa herufi kubwa za kusomwa na mtu aliyesimama mlangoni. USISOKOTE WALA USIVUTE SIGARA KABLA YA KUNAWA. Chini yake nikaandika dalili zote moja moja, na nikaongeza maneno ambayo hayakuwa kwenye kurasa zile nne: mwenye homa kama hii aulizwe kwanza kuhusu mikono yake. Yeye amekaa upande wa pili anatazama kalamu inavyokwenda. Hakunizuia. Angeweza kunipokonya, mkono wake ni mara mbili ya wangu, lakini hakunizuia.

Nilipomaliza akauliza, "Kwa hiyo nisije?"

"Usije."

"Wiki tisa."

"Njoo na likizo yako, na uje na kifua chako. Usije hivi tena." Sauti ilinikatika njiani, lakini maneno yalifika.

Jumatatu asubuhi nilifungua katoni zote za glovu bila kumuuliza bosi. Nilitoa jozi mia moja na ishirini, sabuni maboksi mawili, makopo ya dawa ishirini na nne, kila sanduku na karatasi yake, zote nilizozinakili usiku kucha, na zile kubwa tatu za kubandika nikaziviringisha nikazifunga kwa kamba. Lori lilikuwa linanguruma. Bosi alikuwepo, mafundi wengine walikuwepo, kwa hiyo hatukuweza kuagana inavyopasa. Nilimpa zile karatasi kubwa azishike yeye, zisikunjike kwenye mzigo, nikamfungulia daftari asaini kama fundi mwingine yeyote.

"Mama Stoo," akasema, kichwa kimeinama kwenye saini, "wewe huna huruma."

"Sina."

Aliponirudishia kalamu alinishika vidole kidogo, kwa muda ambao mtu mwingine asingeona. Kisha akapanda mbele, karatasi zimesimama katikati ya magoti yake, wakaondoka.

Ijumaa iliyofuata nilijua hayumo. Mimi mwenyewe ndiye niliyehakikisha hayumo. Hata hivyo asubuhi nilivaa gauni la bluu, lile analolipenda, na mama mkwe akaniangalia kuanzia juu mpaka chini akasema tu nisichelewe kazini. Lori lilifika jioni kama kawaida. Nilisimama getini na daftari kifuani, nikatazama mlango wa abiria. Ulibaki umefungwa.

Dereva alishuka peke yake akanipa bahasha ya muuguzi. Ndani kulikuwa na karatasi yenye mhuri: maelekezo yamepokelewa na yamebandikwa. Muuguzi alikuwa ameongeza kwa mkono kwamba amewaita mafundi wote na kuwasomea, na ameweka ndoo na sabuni mahali pa kuvutia sigara.

"Na Spana?" nikauliza, kana kwamba nauliza habari ya koki.

"Spana?" Dereva alikuwa anafungua turubai. "Mzima kabisa. Wiki hii hata kikohozi hakuna. Jana jioni alikuwa anapakia huku anaimba, akanisaidia mpaka turubai la mwisho, asubuhi akanisukumia geti nitoke."

"Alisema nini?"

"Hakusema kitu. Alisimama tu pale getini."

Nikasema Mungu ashukuriwe, na nilimaanisha. Nikahesabu mitungi mitupu ya gesi ya kuchomelea iliyorudishwa, nikasaini, nikampa nakala yake. Kisha nikaingia stoo, nikafunga mlango kwa ndani, nikalia kama mfiwa, na mume wangu ni mzima.